Unavuta tela na familia iko ndani? Pima mzigo kabla hujawasha gari

Desemba imefika, na wiki hii nimepigiwa simu nyingi za safari kuliko za mbolea. Wengi wenu hapa bonde la Kilombero mna pikapu na tela dogo la tairi mbili lililochomelewa na fundi wa mtaani. Sasa mnataka kulipakia mchele, muweke mama na watoto kwenye gari, muende Iringa au Njombe kula Krismasi na wazee.

Wazo zuri. Ila tela lako mwaka mzima limetoka shambani kwenda mashineni, njia ya vumbi, mwendo wa pole. Kosa la upakiaji huko halionekani. Ukifika lami na kukanyaga hadi 80, kosa lile lile linaweza kuliangusha gari. Fizikia haina huruma: kutoka 60 kwenda 80 kwa saa, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inakaribia kuwa mara mbili.

1. Jua uzito halisi

Fungua kitabu cha gari uone linaruhusiwa kuvuta kilo ngapi. Utakuta namba mbili, ya tela lenye breki na ya tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi, lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, ukijumlisha tela lenyewe na mzigo.

Tufanye hesabu. Tela tupu lina kilo 300. Gunia nne za kilo 100 zinafanya 700. Hapo simama. Gunia ya tano imeshapita. Na kama ni lumbesa, hesabu yote imeharibika, kwa hiyo pima kila gunia kwenye mizani. Usikadirie kwa macho.

2. Mzigo ukae wapi

Hapa ndipo nataka usome mara mbili. Tela likiwa na uzito mwingi nyuma ya ekseli, mkono wake wa mbele unanyanyuka na kulipunguzia gari uzito kwenye tairi za nyuma. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake unalisukuma tela, linaanza kupiga mkia kama samaki. Kila mpigo unaongeza unaofuata.

Dawa yake ni kuweka gunia nzito juu ya ekseli, kidogo kuelekea mbele. Vitu vyepesi kama magodoro na mabegi ndiyo viende nyuma. Kisha pima. Weka mizani ya gunia chini ya mkono wa tela, tela likiwa limelala sawa kama linavyokaa likivutwa. Lenga karibu asilimia 10 ya uzito wote. Tela la kilo 700 lisome kama kilo 70. Ila angalia kwanza uzito ambao gari lako linaruhusu pale nyuma, na kumbuka kilo hizo 70 zinahesabika kwenye mzigo wa pikapu pia, pamoja na bibi, watoto na ndoo ya asali.

Wenzetu wa Ulaya na Afrika Kusini wanaovuta karavani, zile nyumba za magurudumu, wanafuata kanuni hiyo hiyo. Mchele au vitanda, tela halijui tofauti.

3. Kuunganisha

Ukishafunga, nyanyua mkono wa tela kwa nguvu kwa jeki. Nyuma ya gari ikinyanyuka pamoja nao, umeshika vizuri. Weka pini na kufuli. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya mkono, ili tela likichomoka liangukie hapo badala ya kuchimba lami. Mtu mmoja asimame nyuma, mwingine ajaribu breki, indiketa na taa za usiku.

4. Tairi na nati

Matela mengi yanakaa juani miezi mingi, tairi linakauka huku kashata bado zipo. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Likiwa na nyufa, badilisha. Beba spea ya tela, maana ya gari huenda isiingie. Baada ya kilomita 50 simama, kaza nati, na shika kitovu cha gurudumu kwa tahadhari. Kikiwa cha moto kupita mwenzake, beringi au breki ina shida.

5. Barabarani

Acha nafasi kubwa mbele yako na usilazimishe kuovateki. Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, subiri mwendo ushuke. Usikanyage breki kwa kishindo, usikate kulia na kushoto kulifukuza, na usiongeze mwendo.

Kitonga wakati wa kwenda ni mlima, angalia joto la injini. Hatari kubwa ni kurudi, mnateremka na viazi vya wazee nyuma. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, uiache injini izuie. Breki kanyaga kwa vipindi. Ukiikalia mguu muda wote inapata moto na kuacha kushika.

Na mtu yeyote asipande kwenye tela, hata kwa kilomita mbili za kumalizia kijijini. Kama nafasi haitoshi, wengine wapande basi. Kama mzigo hautoshi, punguza gunia. Mchele Iringa unauzwa. Bibi na watoto hawana duka.

Safari njema, tuonane Januari kwenye vitalu.