Baada ya Upasuaji wa Matumbo kwa Ugonjwa wa Crohn

Kama nyumbani kwako kuna mtu aliyefanyiwa upasuaji wa matumbo hivi majuzi, mwite asogee karibu na redio. Mwite pia yule anayempikia, kwa maana mengi ya leo yanamhusu yeye.

Ugonjwa tunaouzungumzia unaitwa Crohn. Jina hilo ni la daktari wa Marekani, Burrill Crohn, ambaye pamoja na wenzake wawili waliueleza mwaka wa 1932. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka na kushambulia matumbo yenyewe. Ukuta wa utumbo huvimba na kufanya vidonda. Mara nyingi panapoumia zaidi ni mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kutumia choo kimoja, na hakuna mtu aliyekuroga.

Hapa kwetu Kenya, wengi hufika kwenye chumba cha upasuaji wakiwa wamezunguka sana. Wametibiwa amiba, wametibiwa homa ya matumbo, wametibiwa vidonda vya tumbo. Wengine wamemeza dawa za kifua kikuu miezi 6, kwa sababu kifua kikuu cha matumbo hufanana na Crohn kiasi cha kuwasumbua hata madaktari bingwa. Wakati huo wote utumbo unaendelea kuumia na kufanya makovu, hadi njia inakuwa nyembamba na chakula hakipiti, au usaha unajikusanya tumboni. Hapo daktari hukata kipande kilichoharibika na kuunga ncha mbili zilizobaki.

Mgonjwa anaamka. Baada ya siku chache anagundua kwamba yale maumivu aliyoishi nayo miaka mingi hayapo. Anakula bila kujikunja. Anawaambia jamaa zake, "Nimepona." Msikilizaji, neno hilo ndilo lililonileta hapa leo. Daktari ameondoa kipande kilichoharibika, lakini ugonjwa wa Crohn haujaondoka. Una kidonda cha upasuaji, ambacho kitapona kwa wiki kadhaa, na una ugonjwa ambao utahitaji kuangaliwa maisha yako yote. Wengi hutunza kidonda vizuri sana, kisha wakasahau ugonjwa.

Tuanze na kidonda. Ukiwa bado wadini, muuguzi atakuja kesho yake akwambie uteremke kitandani na utembee. Usimwone mkatili. Kutembea huamsha matumbo, husaidia mapafu, na huzuia damu kuganda kwenye miguu. Watu wenye Crohn huganda damu kwa urahisi zaidi kuliko wengine, ndiyo maana wengine huchomwa sindano ndogo chini ya ngozi kila siku, na wakati mwingine huendelea nazo hata baada ya kurudi nyumbani. Pia utaulizwa kila asubuhi kama umetoa hewa. Nimefanya kazi katika wadi ya upasuaji, na nimeona wazee wenye heshima zao wakijifunika blanketi uso kwa swali hilo. Jibu tu, baba. Hewa ikitoka tunajua matumbo yameanza kazi, na wewe unakaribia kupewa uji.

Wengi hukaa hospitalini siku 5 hadi 7 kama mambo yamekwenda vizuri. Hatari kubwa katika siku hizo, na hata wiki ya pili ukiwa tayari nyumbani, ni pale palipoungwa kuvuja. Choo kikiingia tumboni ni jambo la kufa na kupona. Kwa hivyo shika dalili hizi: maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa ya nyuzi 38 au zaidi, moyo kwenda mbio, tumbo kuwa gumu na kujaa, au kutapika mfululizo. Ukiona hayo usinunue dawa kwenye duka la dawa na usingoje siku ya kliniki. Rudi hospitali usiku huohuo. Fanya vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla. Mshono ukiwa mwekundu na kutoa usaha, nenda ukaonyeshe kesho yake asubuhi.

Sasa umefika nyumbani. Kwa wiki 6 usiinue kitu kizito, na watu huuliza kizito ni kipi. Chukua kilo 5 kuwa mwisho wako. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, kwa hivyo hautakuhusu kwa muda huo. Jembe pia liweke. Mtoto wa miaka miwili akitaka kubebwa, keti kwanza halafu apandishwe mapajani. Ngozi ya juu hujifunga mapema na kukudanganya, lakini misuli ya ndani bado inashikwa na nyuzi, na ukilazimisha utapata henia mahali pa mshono. Hapa nawaomba akina baba, na akina mama wakwe pia: mwanamke aliyetoka kupasuliwa akikataa kuteka maji si mvivu. Kuhusu safari, ukiweza kuepuka bodaboda kwenye barabara ya mashimo, epuka. Ndani ya matatu, weka mto mdogo au leso iliyokunjwa kati ya tumbo na mkanda. Mto huohuo ukandamize tumboni kila unapotaka kukohoa au kucheka.

Chakula. Hapa ndipo jamaa wenye upendo huleta matatizo, maana shangazi atafika na sufuria ya githeri akisema umekonda. Umekonda kweli, na unahitaji nguvu, lakini mahali palipoungwa pamevimba na njia ni nyembamba. Kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza, kula vitu laini: uji uliochujwa, wali uliopikwa ukaiva sana, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu, mayai, samaki asiye na miiba, kuku aliyechemshwa hadi nyama ikaachia mfupa. Ugali laini wa unga mweupe wengi huuweza mapema. Vya kusubiri ni vile vyenye maganda na nyuzinyuzi: githeri, mahindi ya kuchoma, njugu, miwa, nyama ya embe lenye nyuzi, mashina ya sukuma wiki. Ukiila sukuma, tumia majani machanga, uikate ndogo na uiive vizuri. Kula kidogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya sahani moja iliyojaa, na utafune. Kisha rudisha vyakula kimoja kimoja, siku mbili tatu kwa kila kimoja, ili ujue kipi kinakukera. Usibaki kwenye wali na viazi mwaka mzima kwa woga. Nimeona watu waliopoteza damu na nguvu kwa kujinyima tu, na mahali palipoungwa palikuwa pamepona zamani.

Usishangae ukiharisha. Ule mwisho wa utumbo mwembamba ndio uliokuwa ukirudisha nyongo mwilini. Ukikatwa, nyongo hupita hadi utumbo mpana na kuuchokoza, na unajikuta unakimbilia choo mara tu baada ya kula, hasa chakula chenye mafuta. Kwa wengi hali hii hupungua kwa miezi michache. Isipopungua, mwambie daktari, kwa maana kuna dawa ya unga inayonasa nyongo, iitwayo kolestiramini. Hiyo humezwa mbali na dawa nyingine ili isizinase nazo.

Baadhi yenu mmerudi na mfuko tumboni, yaani ncha ya utumbo imetolewa nje ya ngozi na choo kinaingia mfukoni. Mara nyingi ni wa muda, na hufungwa miezi kadhaa baadaye utumbo ukishapumzika. Najua unavyoumia moyoni. Najua unaogopa kukaa kanisani au msikitini, na unawaza mwenzi wako atakuonaje. Mwache auone mapema, aulize anachotaka kuuliza. Kabla hujatoka hospitali, hakikisha umebadilisha mfuko kwa mikono yako mwenyewe mbele ya muuguzi angalau mara mbili, na uulize mifuko inapatikana wapi na kwa bei gani, kwa sababu si kila duka la dawa linayo. Tundu la gamba linaloshika ngozi likatwe lilingane na ukubwa wa utumbo. Likiwa kubwa, choo kitachoma ngozi hadi iwe kidonda.

Mwenye mfuko wa utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi kwa wingi. Mfuko ukijaa maji matupu kupita lita moja na nusu kwa siku, au mkojo ukiwa mchache na wa rangi nzito, tahadhari. Watu hukimbilia kunywa maji mengi, na ajabu ni kwamba maji matupu huzidisha kutoka. Kunywa maji ya chumvi na sukari ya paketi, yale ya watoto wanaoharisha. Kama huna, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Ukizidi kulegea, nenda hospitali utiwe maji.

Dawa za maumivu nazo zina mtego. Parasetamoli ni sawa, ukifuata kipimo. Lakini Brufen, diklofenaki na ndugu zake zinaweza kuuchokoza utumbo wenye Crohn, na ndizo hasa utakazopewa ukilalamika mgongo kwenye duka la dawa. Mwambie mwuzaji una ugonjwa gani. Na kama ulikuwa ukimeza prednisoloni kabla ya upasuaji, usiiache ghafla. Daktari ataipunguza polepole.

Sasa turudi kwa yule aliyesema amepona. Crohn hupenda kurudi palepale palipoungwa. Kwa watu wasiotumia dawa yoyote baada ya upasuaji, kamera ikipitishwa baada ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu huonekana na vidonda vipya, na wengi wao hawasikii chochote. Wanakula, wanafanya kazi, wananenepa. Maumivu huja baadaye, wakati utumbo umeshaanza kuwa mwembamba tena, na hapo huenda wakakatwa mara ya pili. Utumbo hauoti upya, na kila kipande kinachoondoka kimeondoka.

Ndiyo maana daktari hupanga kamera kupitia njia ya haja kubwa kati ya miezi 6 na 12 baada ya upasuaji, hata kama hujambo kabisa. Ndiyo maana wengine hupewa azathioprini, ambayo huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, au sindano za kutuliza kinga. Kabla ya sindano hizo utapimwa kifua kikuu, kwa kuwa zinaweza kukiamsha. Wengine hupewa metronidazoli kwa miezi michache. Ukiwa nayo usinywe pombe, na ukihisi ganzi vidoleni sema mapema. Kama umepoteza zaidi ya sentimita 20 za mwisho wa utumbo mwembamba, mwili hautaweza kuchukua vitamini B12 ya kutosha, na utahitaji sindano yake, kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Ukiziacha hutaona kitu kwa muda mrefu, kwa kuwa ini lina akiba. Siku akiba ikiisha, damu hupungua na miguu hufa ganzi.

Sigara? Acha. Mvutaji hurudiwa na ugonjwa huu mara mbili zaidi ya asiyevuta, na hakuna uji wala mboga itakayofidia hilo. Ukishindwa peke yako, omba msaada kliniki.

Gharama naijua. Kamera si rahisi, dawa si rahisi, na mtu asiyeumwa huona heri alipe karo kwanza. Basi kabla ya kutoka wadini uliza bima yako ya SHA italipia nini na nini utatoa mfukoni, ili familia ianze kuweka kidogokidogo tangu mwezi wa kwanza. Omba pia barua ya upasuaji inayosema kipande gani kilikatwa, urefu wake, na majibu ya maabara. Iweke pamoja na kitambulisho. Miaka 5 ijayo daktari mwingine, katika mji mwingine, ataihitaji.

Mwisho wa yote, tafuta kalenda ya ukutani. Hesabu miezi 6 tangu siku uliyopasuliwa, uzungushie siku hiyo kalamu nyekundu, na umwambie mtu mmoja nyumbani akukumbushe. Hadi juma lijalo saa kama hii, kwaheri, na ugua pole.