Kompyuta Kuukuu na Programu Huria

Ufukoni mwa Ziwa Viktoria, pale Mkuyuni, Mwanza, injini ya mtumbwi ikigoma haitupwi majini. Fundi huifungua, akakitazama kila kipuri, akabadilisha kilichokufa. Kompyuta ya shule yastahili kutendewa vivyo hivyo, lakini mara nyingi huhukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuitolea Windows 10 masahihisho ya usalama, isipokuwa kwa walioingia katika mpango maalumu wa nyongeza. Windows 11 nayo hudai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kompyuta hizo zingali zinawaka. Kioo ni kizima na kibodi ni nzima. Hata hivyo, kuzitumia kwenye intaneti bila masahihisho ni kulala mlango wazi.

Njia nyingine ipo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kutunga Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, kinachogawa kazi za kichakato, kumbukumbu na vifaa vinginevyo. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GNU, iliyoasisiwa na Richard Stallman. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kuisoma programu, kuirekebisha, kuinakili na kuigawa, mradi naye asimfungie mwenzake. Huo ndio uhuria. Bei ni jambo la pili, ingawa wengi hudhani ndilo la kwanza.

Ruhusa ya namna hiyo ilizaa matunda hapa Tanzania. Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux ulioendeshwa pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kukokotolea iliyomwamuru mtumiaji kwa Kiswahili. Hawakulazimika kumpigia magoti mwenye programu ng'ambo.

Mwalimu apendaye kujaribu aweza kupakua Debian mara moja, akaitia katika flashi na kuwanakilia walimu wa shule jirani bila kuvunja sheria. Lipo toleo linalowashwa kutoka kwenye flashi pasipo kugusa diski, hivyo wanafunzi wataona mapema kama sauti na mtandao vinaitika. Kwa kumbukumbu ya gigabaiti 2, sura nyepesi ya Xfce hutosha, ijapokuwa kivinjari cha intaneti kitakwenda kwa kuhema. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Aidha, usakinishaji waweza kufuta diski nzima; alama za mitihani zinakiliwe kwingine kwanza, na programu zilizotungwa kwa ajili ya Windows pekee zihakikiwe kabla ya siku hiyo.