Mhadhara Unaoistahili Pemba

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na kuanzia mwaka uliofuata wananchi wa kawaida wakaweza kuketi Mlimani pamoja na maprofesa, wakasikiliza na kuuliza. Kigoda hicho kina shughuli zake za fikra na siasa za bara letu. Sayansi nayo, hasa ile inayoingia mpaka chumbani anamolala mtoto, inastahili mihadhara ya namna hiyo. Lau ingekuwapo, mhadhara wa kwanza ungefaa kutolewa Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya alasiri, wazazi wakiwa wamekwisha rudi kazini na shamba. Mada yake ingekuwa kidonge kidogo chenye madini ya chuma.

Mzazi yeyote anajua kwamba mtoto aliyepungukiwa damu hupauka, huchoka upesi na hukawia kukua. Pemba ya miaka ile ilikuwa na kila sababu ya maradhi hayo: malaria, safura, na chakula kisichokuwa na madini ya kutosha. Kwa muda mrefu wataalamu wa dunia waliona dawa yake ni nyepesi: watoto wote wadogo wapewe chuma pamoja na asidi ya foliki. Nani angekataa? Chuma huongeza damu, na damu ni uhai.

Kuanzia mwaka 2002 ushauri huo ulipimwa kisiwani Pemba. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki, na wengine walipewa kidonge kinachofanana na hivyo lakini kisicho na dawa ndani. Jambo hili la mwisho huwakera wazazi wengi wanapolisikia, nao wana haki ya kuelezwa. Mtaalamu hawezi kujua kama dawa imesaidia mpaka awe na watoto wa kulinganisha nao, wa kisiwa kile kile, wanaoumwa na mbu wale wale. Maelezo hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji msemaji mvumilivu na Kiswahili safi.

Tarehe 19 Agosti, 2003, vidonge vya chuma vilisimamishwa, baada ya kamati ya uangalizi kuzipitia hesabu. Watoto waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au ya kuugua hata kulazwa hospitali, kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Jambo lililodhaniwa kuwa hisani tupu lilikuwa na madhara, na ni watoto wa Wapemba waliolidhihirisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet la Uingereza, kwa Kiingereza.

Kwa nini ikawa hivyo? Wataalamu hueleza kwamba chuma hakimjengi mtoto peke yake. Vijidudu vya malaria, na bakteria kadhaa wa maradhi mengine, navyo huhitaji chuma ili vizaliane. Kumwongezea chuma mtoto asiyepungukiwa nacho, mahali penye malaria nyingi na matibabu ya mbali, huweza kuwa ni kumlisha adui. Utafiti wa aina hiyo hiyo uliofanywa Nepal, katika eneo lisilo na malaria, haukuonyesha madhara hayo. Aidha, katika sehemu ya watoto wa Pemba waliopimwa damu mapema na kufuatiliwa kwa karibu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kwa hiyo kosa halikuwa katika chuma chenyewe. Kosa lilikuwa kukigawa kwa wote bila kupima.

Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba panapokuwa na malaria, chuma kitolewe sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu. Sentensi hiyo inasomwa na madaktari wa nchi nyingi, na asili yake kwa sehemu kubwa ni nyumba za Wete, Mkoani, Micheweni na Chake Chake.

Kisiwa chenyewe nacho kimebadilika. Kuanzia mwaka 2003 Zanzibar ilileta dawa mseto za malaria, kisha vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, hata malaria ikashuka kwa kiasi ambacho vijana wa leo hawawezi kukikisia. Watoto waliomeza vidonge vile sasa ni watu wazima, wengine wakiwa na watoto wao. Wangapi kati yao wamepata kuelezwa, kwa lugha yao, ni jambo gani dunia ilijifunza kutokana na miili yao?

Maabara ya Afya ya Jamii iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia, iko Wawi, karibu na mji wa Chake Chake. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho kipo. Wasemaji wapo, na wenye kisa wapo. Kinachohitajika ni ukumbi, mikeka kwa watakaokosa viti, na mwenyekiti atakayeanza kwa kuwapa nafasi ya kuuliza kina mama waliowapa watoto wao vidonge vile.