Maji safi yanataka wenyewe



Katika vijiji vyetu vya Kivu Kusini, kati ya ziwa Tanganyika na milima, si vigumu kukuta bomba lililokufa. Simenti ipo, jina la mfadhili bado linasomeka ukutani, lakini robine imevunjika na mbuzi wamelala pale juu. Hatua chache chini yake watoto wanateka maji katika kijito ambamo watu wanaoga na kufua. Siku ya kufungua mradi ngoma zililia, chefu wa kijiji alihutubia, na sisi tulipiga vigelegele. Miaka miwili mitatu imepita, na tumerudi kule tulikotoka.

Juma hili tunataka kuongea juu ya jambo hilo. Kwa nini maji safi yanafika kijijini halafu yanakufa? Na sisi wamama tufanye nini ili yadumu? Maana robine ikikauka, si bwana anayeamka saa kumi ya usiku kutafuta maji. Bidoni inarudi kwa mama na kwa binti yake.

Tunachopoteza

Kolera haijatutoka katika sehemu zetu tangu miaka ya 1970. Uvira, Fizi, Kalemie, yote ni majina ambayo watu wa afya wanayajua vizuri kwa ugonjwa huo. Kiangazi, tangu mwezi wa sita, chemchemi nyingi zinapungua na watu wanarudi kuteka ziwani. Mvua ikianza, maji yanasomba uchafu wa vilima na kuuteremsha mpaka mtoni. Kolera haingoji: mtu aliyeamka mzima anaweza kufa siku hiyo hiyo kwa kuishiwa na maji mwilini. Hata mahali ambapo kolera haipo, kuhara kwa kila siku kunamaliza nguvu za watoto wadogo, na utapiamlo unaingia kwa mlango huo.

Kuna pia hasara ambayo haiandikwi kwenye kituo cha afya. Bidoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Nyumba ya watu saba inahitaji zaidi ya bidoni tano kwa siku ikiwa kila mtu atapata lita 15 tu za kunywa, kupika na kuoga. Sisi tunaofundisha tunaona hesabu hiyo darasani. Wasichana wa mwaka wa tano na wa sita wanaingia somo la kwanza limekwisha, nguo imelowa mgongoni, na saa nne wanasinzia. Na pale shule isipokuwa na choo chenye mlango, wale walioanza kupata siku zao wanabaki nyumbani kila mwezi. Mwishoni mwa mwaka tunasema binti huyu hana akili, kumbe alikosa masomo kwa sababu ya maji na choo.

Chemchemi iliyojengwa inaishi namna gani

Tuelewe kwanza kitu tunachotakiwa kulinda. Mafundi wanachimba mpaka pale maji yanapotokea kwenye mwamba au udongo mgumu. Wanapanga mawe na kokoto safi, wanafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya mvua yasipenye, halafu wanajenga ukuta wenye bomba mbele. Chini wanatengeneza mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika. Juu ya chemchemi wanachimba mfereji mwingine wa kugeuza maji ya mvua, na kuzungusha ua.

Ukitazama chemchemi zilizokufa, utaona mara nyingi ukuta bado ni mzima. Kilichoharibika ni kile kidogo. Mfereji uliziba kwa majani, mvua ikaingia. Ua ulichukuliwa kuwa kuni. Mtu alipanda mihogo juu ya chemchemi, jembe likavunja ule udongo uliofunika. Mwingine alichimba choo upande wa juu. Kazi hizi za kulinda hazidai feza nyingi. Zinadai salongo ya asubuhi moja kwa mwezi, na mtu mwenye haki ya kumwambia jirani yake: hapa hapalimwi.

Choo kiwe mbali na chemchemi au kisima, si chini ya mita 30, tena upande wa chini, kamwe si upande wa juu. Kiwe na kifuniko cha tundu ili inzi wasitoke pale wakaja kwenye bukari yetu. Pale penye maji mengi ardhini, shimo lisichimbwe mpaka kufikia maji.

Sanduku la funguo tatu

Kwa mabomba yanayoteremka toka mlimani, na kwa visima vya kupampu, salongo peke yake haitoshi. Vipuri vinanunuliwa. Kimpira kidogo cha ndani ya robine kikichakaa na kisibadilishwe, maji yanamwagika mchana na usiku, tanki linakauka, na nyumba za mwisho wa bomba ndizo zinazokosa kwanza. Mara nyingi mradi unakufa kwa kitu cha bei ndogo ambacho hakuna aliyewekewa feza ya kukinunua.

Hapa sisi wamama tuna ujuzi ambao tunausahau. Wengi wetu tumo katika vikundi vya akiba, zile AVEC zetu. Tunajua sanduku lenye kufuli tatu, funguo zikishikwa na watu watatu tofauti. Tunajua kuhesabu feza mbele ya wote, na kutaja kwa sauti kiasi kilichobaki kabla ya kufunga. Kwa nini sanduku la maji liwekwe chini ya kitanda cha mtu mmoja?

Tupige hesabu kwa mfano. Kijiji cha nyumba 60, kila nyumba ikitoa franka 500 kwa mwezi, kinapata franka 30 000 kwa mwezi, na 360 000 kwa mwaka. Hiyo haitajenga bomba jipya, lakini itanunua robine, itamlipa fundi, na itaziba mpasuko kabla haujawa mkubwa. Mjane asiye na kitu, na familia iliyokimbia vita ikafika juzi, wasifukuzwe kwenye maji. Mkutano wa kijiji uamue mapema: hawa watatoa mikono yao siku ya salongo.

Mahali pengine katika nchi yetu jambo hili limekwisha kuonekana. Kinshasa na Mbuji-Mayi ziko jumuiya za watumiaji wa maji zinazoitwa ASUREP. Watu wa mtaa wanachagua viongozi wao, wanalipa kila bidoni wanayoteka, na feza hiyo inatunza mabomba na kulipa wafanyakazi. Sheria nayo iko upande wetu: katiba ya 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi ya kunywa inalindwa, na sheria ya maji ilitiwa sahihi tarehe 31 mwezi wa 12, 2015. Kuchanga hakufuti wajibu wa serikali. Kijiji chenye kamati na daftari la hesabu kinakwenda mbele ya mkubwa wa sekta kikiwa na neno la kusema.

Lakini tutazame pia namna kamati zinavyoundwa. Mara nyingi prezida ni mwanaume, mtunza feza ni mwanaume, na mama anapewa kazi ya kufagia. Anayeteka maji kila siku ndiye anayejua robine gani inavuja tangu jana. Huyo apewe kufuli moja na sauti katika mkutano. Hatuombi zawadi, tunaomba maji yasife.

Toka robine mpaka mdomoni

Maji yanaweza kutoka safi mlimani yakafika machafu mdomoni kwa mtoto. Bidoni iliyoota ukijani ndani inachafua maji yote. Ioshwe kwa mchanga au mawe madogo na maji, itikiswe vizuri, isuzwe. Nyumbani maji yafunikwe, na yamiminwe. Mkono na kikombe visiingizwe ndani.

Maji ya ziwa au ya mto yachemshwe mpaka yatoe mapovu makubwa kwa dakika moja. Kule juu kabisa milimani, dakika tatu. Wakati wa kolera, watu wanaotia klori ndani ya bidoni zetu kando ya ziwa si wachawi. Tuwakubali, na tungoje nusu saa kabla ya kunywa.

Mikono ioshwe kwa sabuni, na sabuni ikikosekana, kwa majivu: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kula na kunyonyesha. Mtoto akihara, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya bila kukawia.

Mambo saba ya kujipima

Mpango wa Wizara ya Afya na UNICEF wa vijiji na shule safi, Village et École Assainis, ulituachia kipimo kizuri ambacho kila kijiji kinaweza kukitumia hata bila mradi:

1. Kamati ya kijiji inafanya kazi.
2. Watu 80 kwa 100 wanapata maji safi.
3. Nyumba 80 kwa 100 zina choo safi na zinakitumia.
4. Nyumba 80 kwa 100 zinatupa takataka shimoni.
5. Watu 60 kwa 100 wanaosha mikono kwa sabuni au majivu.
6. Watu 70 kwa 100 wanajua magonjwa ya uchafu yanavyoambukizwa na kuzuiwa.
7. Kijiji kinafagiliwa chote walau mara moja kwa mwezi.

Tazameni: katika mambo hayo saba, mengi hayangoji gari la mfadhili.

Kwa kikao chenu cha juma hili

Someni habari hii kwa sauti, kwa ajili ya wale wasiosoma. Halafu mjibizane: Ni nani anayeshika feza ya maji kwetu, na mara ya mwisho ilihesabiwa lini mbele ya watu? Juu ya chemchemi yetu kuna nini leo? Shule ya watoto wetu ina vyoo vingapi vya wasichana, na milango yake inafungika? Katika yale mambo saba, lipi tunaweza kulimaliza kabla ya kiangazi?

Chagueni moja tu, mpange siku, mmwite RECO wa kijiji ashuhudie. Mwezi ujao mtuandikie mlipofika.