Rejeta za Mwanza: Adui ni Kutu

Dereva wa Mwanza anayejaza maji matupu kwenye rejeta ana hoja nzito kuliko wauza vipuri wanavyopenda kukiri. Kulanti, kimiminika cha kupoozea injini kinachouzwa badala ya maji hayo, ilienea kwanza katika nchi za baridi, ambako maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua bloku ya injini. Kando ya Ziwa Victoria jambo hilo halitokei. Hata sifa ya kupooza, inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye galoni, ina walakini, kwa kuwa ethilini glikoli, kiungo kikuu cha kulanti nyingi, hubeba joto kidogo kuliko maji. Kama kazi ya rejeta ingekuwa kuhamisha joto tu, maji matupu yangeshinda. Lakini maji hayo hukaa miezi na miaka yakizunguka ndani ya metali ya moto, na hapo ndipo kulanti inapolipa gharama yake.

Mfumo wa kupoozea una aluminiamu, chuma na mara nyingine shaba, vyote vikilowa maji yale yale. Metali tofauti zikiungana ndani ya maji huzalisha umeme mdogo, na moja huliwa pole pole. Kulanti ina viambato vinavyotandaza utando mwembamba juu ya metali na kuzuia ulaji huo. Zamani, injini za chuma kizito zilivumilia kutu, na ndiyo maana utasikia kwamba malori ya wazee yalikwenda miaka mingi kwa maji tu. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haihusu Toyota IST, ambayo bloku na silinda hedi yake ni za aluminiamu. Kutu ikianza, chembe zake huziba vijia vyembamba vya rejeta na kusaga sili ya pampu ya maji. Gari linapochemsha, fundi mwenye haraka hung'oa thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto. Injini huonekana imepona, kumbe inafanya kazi ikiwa na ubaridi usioifaa, inakunywa mafuta zaidi, na kutu inaendelea na kazi yake.

Wapo wanaosema maji yetu ni laini, hivyo hayana madhara. Ni kweli kwamba maji ya ziwa yana chumvi chache, na hayajengi ukoko mweupe kama maji mengi ya visima. Ulaini huo, hata hivyo, hauzuii kutu. Maji yanayotekwa ufukweni huja na tope na mwani, na ya bomba hutiwa klorini, ambayo ni njema kwa tumbo lakini si rafiki wa aluminiamu. Ya kuchanganyia ni yale yaliyovukizwa na kutoneshwa, yanayouzwa kwa kuongezea betri. Angalia tu usije ukauziwa asidi.

Suala la kuchemka nalo lisipuuzwe. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wakati injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta, unaofungia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Kulanti huongeza nyuzi chache tu juu ya hapo. Mwenye mfuniko uliolegea anayekimbilia kununua kulanti ameanzia mkiani.

Kuhusu bei, hatulazimiki kufuata kipimo cha nusu kwa nusu cha nchi za theluji. Nchini Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, mchanganyiko wa asilimia 30 ni wa kawaida kwenye maeneo yasiyo na baridi kali. Soma galoni: iliyokwisha kuchanganywa kiwandani haiongezwi maji. Rangi pekee si ushahidi, maana maji ya rangi nayo huuzwa. Ukipata shida njiani kati ya Magu na Bunda, subiri injini ipoe, jaza maji safi yoyote ufike, kisha yamwage yote na uweke kulanti.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la sumu. Ethilini glikoli ina ladha tamu na inaweza kumuua mtoto au mbwa anayeinywa. Kwa hiyo tumia kulanti, ila ile kuukuu ikusanye kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto. Usiimwage mtaroni: mitaro mingi ya katikati ya jiji huteremka Mto Mirongo, na Mirongo huingia ziwani, tunakochota maji ya kunywa.