Wakati Mwafaka wa Upasuaji wa Moyo kwa Wagonjwa Walioambukizwa UVIKO-19

Upasuaji wa moyo unaotumia mashine ya moyo na mapafu huchochea kinga ya mwili kupita kiasi na kuvuruga mgando wa damu; UVIKO-19 hufanya vivyo hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wagonjwa 140,231 wa upasuaji wa aina mbalimbali katika nchi 116, ulibaini kuwa vifo ndani ya siku 30 vilifikia asilimia 4.1 kwa waliopasuliwa katika wiki mbili za mwanzo za maambukizi. Baada ya wiki saba vilishuka hadi 1.5, sawa na wasioambukizwa. Hata hivyo, mgonjwa ambaye vali yake ya aota imebana sana anaweza kufa akisubiri. Kwa hiyo, kipindi hicho kinawafaa wanaoweza kungoja. Kwa wengine, madaktari hulinganisha hatari ya kuchelewa na hatari ya kupasua mapema.