Taja Haja, Usitaje Jina: Haki za Familia Inayonunua Vifaa vya Mgonjwa

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, uuguzi hauishi, bali huhamia nyumbani. Aliyepata kiharusi, mzee ambaye mapafu yake yamechoka, mama mwenye kisukari kilichomletea kidonda mguuni, wote hawa hurudi kwa jamaa zao wakiwa na orodha ya vifaa: kitanda cha kuinuka, kiti cha magurudumu, mtambo wa oksijeni, kipima presha, kipima sukari. Kwa kawaida mzigo wa kuvitafuta huwaangukia wanawake wa nyumba, yaani mke, binti au mkaza mwana. Hununua kwa haraka, hununua wakiwa na huzuni, na mara nyingi hununua kwa fedha za mchango wa jamaa na majirani. Muuzaji mwema huwa nusu ya tiba. Muuzaji mbaya huwa msiba wa pili.

Tungependa wasomaji wetu wajue kwamba sheria ya Kenya haikuiacha familia hii peke yake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo yanayohitajika ili anufaike nazo, haki ya kulindiwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia bidhaa mbovu inapomletea hasara au madhara. Hata hivyo, haki hizi hutegemea sana mambo mawili: yale unayoyasema dukani, na karatasi unayotoka nayo.

Neno la kwanza dukani

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina kanuni ambayo wachache huijua. Mnunuzi anapomweleza muuzaji kazi mahsusi anayoitakia bidhaa, na ikadhihirika kwamba anautegemea ujuzi wa muuzaji huyo, sheria huhesabu kwamba muuzaji ameahidi kutoa bidhaa inayoifaa kazi ile. Lakini mnunuzi akiingia na kuomba bidhaa fulani kwa jina lake la kibiashara, muuzaji aweza kujitetea kwamba alitoa kile alichoombwa, na kwamba hakuahidi kuwa kitamfaa mgonjwa. Kwa hivyo, taja haja, usitaje jina. Sema: "Mgonjwa wangu ameandikiwa lita nne za oksijeni kwa dakika, mchana na usiku. Nataka mtambo utakaomtosha." Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti.

Mfano huu wa oksijeni hatukuuchagua bure. Hewa tunayovuta ina oksijeni ya takriban asilimia 21. Mtambo wa tiba huichuja hewa hiyo, huondoa naitrojeni, na kumpa mgonjwa oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka asilimia 82 kuwa kiwango cha chini kabisa. Ila sokoni na mitandaoni kuna mitambo midogo ya bei nafuu ambayo hutoa asilimia 90 kwa lita moja tu. Ukiifungua hadi lita sita au saba, oksijeni hushuka hadi takriban asilimia 30. Sauti ya mtambo husikika, upepo hutoka kwenye mrija, na kila mtu chumbani hudhani mgonjwa anahudumiwa, ilhali anavuta hewa isiyopita sana ile ya barazani. Swali la kuuliza ni moja: kwa lita alizoandikiwa mgonjwa wangu, oksijeni ni asilimia ngapi?

Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Basi ukikagua, kagua kwelikweli. Mtambo uwashwe na uachwe ufanye kazi kwa muda. Breki za kiti cha magurudumu zijaribiwe, na ikiwezekana mgonjwa mwenyewe akikalie, kwani kiti kisicholingana na mwili huleta vidonda. Kitambaa cha kipima presha kiuzunguke mkono wake vizuri, maana kitambaa kidogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ile aliyo nayo.

"Mali ikiuzwa hairudishwi"

Maneno haya hubandikwa ukutani katika maduka mengi, na wengi wetu huyasoma kama hukumu isiyokatiwa rufaa. Sivyo ilivyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji Bidhaa ya 2012, muuzaji huhesabiwa kuwa ametoa dhamana kwamba bidhaa yake ina ubora unaostahili kuuzwa, na sharti lolote linalojaribu kuifuta dhamana hiyo halina nguvu. Ulinzi huu unamhusu pia anayekodisha, jambo muhimu kwa familia zinazokodi kitanda au mtambo kwa mwezi. Muuzaji aweza kukataa kurudisha kiti kwa sababu umebadilisha nia kuhusu rangi yake. Hawezi kukataa kwa sababu ya kibandiko cha ukutani ilhali breki hazishiki.

Kwa wasomaji wetu jambo hili si geni. Wanavyuoni wa fiqhi wameifundisha kwa karne nyingi khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kuirudisha bidhaa iliyokuwa na kasoro iliyofichika. Aliyekulia Pwani ameisikia darasani kabla hajaisikia mahakamani.

Karatasi inayobaki nyumbani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, aina ya kifaa, namba yake ya utambulisho iliyochapishwa na kiwanda, na muda wa dhamana. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwa namba ya biashara iliyo na jina la duka, wala si kwa simu ya mtu binafsi, kwani malipo ya namna ya pili huacha ushahidi dhaifu wa nani hasa aliyekuuzia.

Namba ya kifaa ina faida nyingine. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurejeshwa kwa mamilioni ya mashine zake za kusaidia kupumua, kwa sababu sifongo iliyokuwa ndani yake iliweza kuchakaa na kuingia katika njia ya hewa ya mgonjwa. Katika tukio kama hilo, mwenye namba ya kifaa chake huweza kujua kama kimo katika orodha. Asiye nayo hubaki na wasiwasi.

Uliza pia kuhusu vipuri. Kipima sukari cha bei rahisi hugeuka pambo ikiwa vijiti vyake vya kupimia havipatikani mjini. Uliza kinasoma kwa kipimo kipi: 7 katika kipimo kinachotumika kwetu ni sawa na takriban 126 katika kipimo cha Marekani, na kuchanganya viwili hivi kunaweza kumfanya mtu ameze dawa isiyomfaa. Jamaa walioko Marekani au Kanada wakituma mashine, tazameni volti kabla ya kuichomeka. Umeme wa huko ni wa volti 120, wetu ni wa 240. Zitokazo Oman au Uingereza kwa kawaida huafikiana na umeme wetu.

Mlango wa kubisha

Muuzaji akikataa kurekebisha, mwandikie kwanza, ujumbe wa simu watosha, ukitaja kasoro na ukimpa siku maalumu. Akinyamaza, kuna milango mitatu. Ikiwa kifaa chenyewe ni hatari au hakifanyi kazi ya tiba, lalamiko lipelekwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ndiyo inayosajili vifaa vya tiba nchini. Bodi hiyo hiyo yaweza kuulizwa kabla ya kununua iwapo kifaa kimesajiliwa. Ikiwa muuzaji alidanganya kuhusu ubora au uwezo wa kifaa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji bila malipo. Na ikiwa unachotaka ni fedha zako, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na mtu aweza kujisimamia bila wakili. Mombasa mahakama hiyo ipo. Twataja hili kwa sababu wapo wanaokwenda kwa kadhi na madai ya biashara, ilhali Katiba imeziwekea mahakama za kadhi mipaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu.

Kwa wasio na uwezo wa kununua, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husaidia kwa vifaa kama viti vya magurudumu wale waliosajiliwa nalo. Nazo kamati za misikiti na vyama vya akina mama vinavyochangisha, tunaviomba vifuate kanuni hizi hizi. Fedha ya sadaka ina haki ya risiti sawa na fedha ya mfukoni. Mgonjwa anapopona au anapofariki, kifaa chenye karatasi zake chaweza kukabidhiwa nyumba nyingine kwa uhakika, lakini kisicho nazo hukabidhiwa kwa kubahatisha.

Basi katika kila nyumba yenye mgonjwa, ateuliwe mmoja wa kushika faili: agizo la daktari, risiti, dhamana na namba ya kifaa. Anayemgeuza mgonjwa kitandani ana kazi ya kutosha, na asiongezewe ya kutafuta karatasi siku mtambo utakaponyamaza. Tunawaombea wagonjwa wetu shifaa, na wauguzi wao subira.